Inchi Mbili za Flavia

Bi Parin aliuza vitambaa Gongoni, mjini Tabora, kwa miaka arobaini na hakuwahi kushona hata kifungo. Hakuona aibu. Kifungo kikimtoka alikifumbata kiganjani, akatoka nacho hadi barazani mbele ya duka, akaketi kwenye kigoda karibu na cherehani ya Flavia, akasema, "Nimeumia."

"Wapi tena, mgonjwa wangu?"

"Hapa."

Flavia alikishona bila kumvua blauzi, sindano ikipita karibu na ngozi kiasi cha Parin kuzuia pumzi, kisha akaukata uzi kwa meno. "Umepona. Usinyanyue vitu vizito."

Flavia alifika mwaka 1989 akitoka Lusu, upande wa Nzega. Ndoa yake ilikuwa imevunjika na mali imegawanywa: mume alichukua shamba, ng'ombe na mke mdogo, Flavia alipewa cherehani kwa sababu hakuna mwingine pale nyumbani aliyejua kuikanyaga. Aliomba kuiweka barazani kwa wiki moja, mpaka apate mahali pengine. Baba yake Parin, mwenye duka wakati huo, alikubali. "Wiki moja," alisema, akinyoosha kidole kimoja. Mzee alifariki miaka saba baadaye na wiki ilikuwa bado haijaisha.

Siku hizo Flavia aliwapima watu kwa kamba yenye mafundo. Parin alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja, hajaolewa na hataki kuulizwa. Aliitazama kamba ile kwa siku tatu, ya nne akafungua kabati la kioo, akatoa tepu mpya ya njano ya kupimia, akampa. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi ya kwanza kati yao. Flavia aliipokea kwa mikono miwili, akaizungusha shingoni, na tangu siku ile ni mara chache mno mtu alimwona bila ile tepu.

Walikaa hivyo, mmoja ndani na mmoja nje, mlango ukiwa wazi katikati yao. Jua la mchana la Tabora, lile linaloifanya barabara iwe nyeupe na watu waongee polepole, liliwakuta wakitaniana kuhusu mambo yaliyotokea kabla hawajazaliwa. Babu yake babu wa Parin alitoka India akafika mjini hapa akifuata njia ya misafara, na marobota yake ya kitambaa cha merikani yalikuja juu ya vichwa vya Wanyamwezi. Babu yake babu wa Flavia, kwa maelezo ya Flavia, alikuwa chini ya mojawapo ya marobota hayo.

"Na alipofika hapa, toka pwani yote hiyo kwa miguu, akataka kununua kitambaa alichokibeba mwenyewe," Flavia alisimulia, mguu ukikanyaga. "Kitambaa kilipimwa kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Babu yako akamwita mtoto wake mwenye mkono mfupi kuliko wote."

"Uongo."

"Kwenye ukoo wenu, Parini, mtoto akizaliwa na mkono mrefu anapelekwa kusomea udaktari. Mwenye mkono mfupi anaachwa dukani."

Parin aliitazama mikono yake, ambayo kwa kweli ilikuwa mifupi, akaiingiza chini ya kaunta.

Barazani pale Flavia alifundisha. Hakutangaza, hakuandikisha. Mwanamke aliyeachwa, aliyefiwa, au aliyeacha shule na tumbo mbele alikuja kushonesha na kujikuta ameambiwa, "Hebu shika hapa." Wengi walishika. Ngollo alikuwa mmoja wao, mjane mnene wa maneno machache aliyekuwa akiuza mkaa. Alikaa naye miaka minne. Advera alikuwa wa mwisho, binti wa miaka kumi na tisa aliyeishia kidato cha pili.

Wote walifundishwa kanuni mbili. Ya kwanza ilikuwa ya akiba: ndani ya kila mshono ilibaki inchi nzima ya kitambaa kwa kila ukingo, kwani, kama alivyosema Flavia, mwanamke wa Tabora haaminiki baada ya mavuno. Ya pili ilijulikana mpaka stendi. Flavia alipomzungushia mtu tepu kifuani, kiunoni au kwenye nyonga, aliisoma namba kwa sauti, halafu akasema, "Toa mbili." Mwanafunzi akaandika namba pungufu ya mbili. Na nguo ilipokamilika ilimkaa mtu kama amezaliwa nayo.

Ukimuuliza kwa nini atoe mbili, jibu lilitegemea wewe ni nani. Katekista aliambiwa ni fungu la Mungu. Wanafunzi wake waliambiwa, "Mtu akipimwa hujijaza majivuno. Inchi mbili, hazizidi, hazipungui. Yatoe hayo, umshonee mtu aliyebaki." Parin aliambiwa, "Hizo ni za mkono mfupi wa babu yako. Nazirudisha kidogo kidogo." Urefu wa gauni na upana wa mabega havikuwa na majivuno. Flavia alivipima kwa rula ndefu ya mbao ya kaunta, na hakutoa kitu.

Flavia alipolazwa hospitali, mwaka juzi, Parin alimpelekea uji kwenye chupa kila asubuhi, na kila asubuhi Flavia aliusifia kisha akampa jirani wa kitandani. Siku ya mwisho ya maongezi yao alisema, "Baraza usilifunge."

"Nani atafundisha? Mimi sijui hata kutunga uzi."

"Ngollo anajua. Wewe kaa tu pale uwatishe."

Parin aliahidi. Alipomaliza arobaini ya kumlilia marehemu peke yake nyuma ya marobota, alitafuta cherehani sita za miguu, akawaita wanawake kumi na wawili kupitia kigango na msikiti, akampa kila mmoja tepu mpya ya njano kutoka kabati la kioo. Tepu ya Flavia aliikunja, akaiweka kwenye droo yake. Mchoraji akaandika ukutani DARASA LA FLAVIA. Ngollo akafundisha. Parin akakaa kwenye kigoda akitisha, kwa kadiri ya uwezo wake.

Kwa miezi minne walishona madera, na dera halisemi siri: inchi mbili zikipungua hajui mtu, hata aliyelivaa.

Tatizo lilikuwa Kurban. Kurban alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Parin, na nusu ya duka ilikuwa yake kwa urithi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na nne, mwenye heshima, mwenye mipango, na mwenye suruali za kubana alizozinunua Dar es Salaam, ambazo kila alipotaka kuketi zilimlazimu kufikiri kwanza.

"Shangazi," alisema, "baraza ni mtaji uliolala. Tuweke alumini na vioo, tuuze simu. Wamama watapata nafasi kule nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Pale karibu na choo."

"Flavia alikaa mbele miaka thelathini na minne."

"Flavia amefariki, Shangazi."

"Ndiyo maana nimekaa mimi."

Wakati huohuo, kama aliyeitwa, Bi Consolatha akapanda ngazi za baraza. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya akina mama wa kanisa la Cheyo, mwanamke wa umbo lenye kujitosheleza na sauti iliyosikika kabla yake. Kwaya ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano. Walitaka magauni ishirini na manne, rangi ya damu ya mzee, yakae mwilini, yawe na zipu. "Marehemu ndiye alitushonea sare ya kwanza," alisema. "Tumeona tusiende kwingine."

Parin alimtazama Kurban. Kurban aliitazama simu yake.

"Haya, Shangazi, tupatane," alisema mgeni alipoondoka. "Hao wamama wakiimba Jumapili ya jubilei wamevaa nguo za darasa lako, na hakuna aliyeaibika, baraza ni lako. Sitalitaja tena. La sivyo, Jumatatu yake fundi alumini anakuja kupima."

"Tumepatana," alisema Parin, akampa mkono wake mfupi.

Walipima, walikata, walishona. Kwa wiki tatu baraza lilinguruma kama treni ya Mpanda ikikaribia stesheni. Ngollo alikagua kila mshono kwa kucha. Parin, asiyejua chochote, alikagua kila mshono kwa uso. Ijumaa, siku mbili kabla ya jubilei, wanakwaya wanane walikuja kujaribu.

Consolatha aliingia wa kwanza nyuma ya pazia pamoja na Advera.

"Zipu imefika wapi?" Parin aliuliza.

"Imefika kiunoni," ilijibu sauti ya Advera. "Inapumzika."

"Bi Consolatha, vuta pumzi."

"Nimeivuta tangu nilipovuka mlango, mama. Sina nyingine."

Akajaribu wa pili. Akajaribu wa tatu. Wa nane, mama mwembamba mwalimu wa chekechea, alifungika. Wote wakapiga makofi. Wakamwambia aimbe kidogo. Alifungua mdomo ikatoka sauti ya birika linalokaribia kuchemka, na macho yakamtoka, wakamfungua haraka.

Kurban alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na adabu ya kutosha kugeuka kabla ya kutoa simu mfukoni, lakini Parin alimsikia akisema, "Fundi? Jumatatu uko wapi?"

Parin hakuyaona tena magauni. Alimwona Flavia akimtazama kutoka kitandani, chupa ya uji mkononi.

"Nani alimpima Bi Consolatha?" aliuliza.

"Mimi," alisema Advera, akitoka nyuma ya pazia na daftari, machozi yakimtiririka. "Nilipima vizuri, naapa. Kifua, arobaini na nane. Nikatoa mbili. Nikaandika arobaini na sita."

"Ulitoa mbili za nini?"

"Za majivuno."

"Majivuno ya nani?" ilinguruma sauti kutoka nyuma ya pazia.

"Ya kila mtu, mama," Ngollo alijibu kwa upole. "Si wewe tu. Ndivyo tulivyofundishwa, Bi Parin. Marehemu alitoa mbili, na nguo zilikaa. Sisi tumetoa mbili, nguo hazikai. Labda watu wa siku hizi hawana majivuno."

Parin aliwatazama wanawake wale kumi na wawili, kila mmoja na tepu yake ya njano shingoni. Halafu akaenda kwenye droo.

Tepu ya Flavia ilikuwa imefifia mpaka rangi ya siagi ya zamani. Mwanzoni mwake palikuwa na kipande cha kitambaa chekundu alichokishonea mwenyewe, cha kushikia, hivyo alisema. Parin aliilaza juu ya kaunta. Akaomba tepu mpya, akailaza pembeni, mwanzo kwa mwanzo. Akavaa miwani.

Kumi ya Flavia ilikuwa imelala sambamba na nane ya tepu mpya.

Akasogeza kidole. Ishirini ya Flavia, kumi na nane. Arobaini, thelathini na nane. Akachukua wembe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Parin akafumua mshono. Kitambaa chekundu kilitoka. Chini yake tepu ilianzia kwenye ukingo wa kahawia, uliojikunja, uliokula namba mbili za mwanzo.

Alikumbuka harufu kabla ya kuikumbuka siku. Mwaka 1996, asubuhi ya mazishi ya baba yake. Umeme ulikuwa umekatika na shali lake jeupe la kuvaa jamatini, nyumba ya ibada ya kwao, lilikuwa na makunyanzi. Alitoka nalo barazani akaomba pasi ya mkaa ya Flavia, akapiga pasi juu ya meza ya kukatia huku akizungumza mfululizo, hajui anazungumza nini, akaiweka pasi pembeni bila kutazama. Ikatoka harufu ya kuungua. "Nimeunguza nini?" aliuliza. Na Flavia, akiwa ameficha kitu nyuma yake, alijibu, "Hakuna kilichoungua. Nenda kamzike mzee."

Hakuna kilichoungua. Kwa miaka ishirini na saba yule mwanamke alikaa hatua tano kutoka kwenye kabati lililojaa tepu mpya na hakuchukua hata moja, kwa sababu angechukua, Parin angeuliza ile ya kwanza ilipata nini. Badala yake alitoa mbili. Alimtolea bwana harusi, akamtolea katekista, akatunga majivuno na fungu la Mungu na mkono mfupi wa babu, akawacheka watu wote wa Tabora kiunoni, ili rafiki yake asijue aliunguza zawadi yake mwenyewe siku ya kumzika baba yake.

Parin alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kaunta. Halafu kicheko kikageuka, kama mvua inavyogeuka mawe, na wanawake wakasogea karibu wasijue wamshike wapi.

"Jamani," ilisema sauti nyuma ya pazia, "kama kuna msiba mniambie. Ila kwanza nitoeni humu."

Walimtoa. Parin akajifuta kwa ncha ya mtandio, akawaeleza.

"Kwa hiyo hakukuwa na majivuno?" Ngollo aliuliza.

"Hakukuwa."

"Miaka minne," Ngollo alisema taratibu, "kila ninayekutana naye sokoni namwangalia nasema moyoni, mbili zako ni za uongo."

"Hata katekista?" Advera aliuliza.

"Hasa katekista."

Kilichofuata kilikuwa kicheko cha namna ambayo wapita njia husimama wakitaka nao waambiwe. Lakini Kurban hakucheka. "Ni hadithi nzuri, Shangazi," alisema, na hakuisema kwa ubaya. "Ila magauni bado hayafungiki."

Hapo ndipo Advera, ambaye hakuwa akisikiliza tena, alipolipindua gauni la Consolatha ndani nje na kulinyanyua. "Lakini akiba ipo," alisema.

Ilikuwepo. Inchi nzima kwa kila ukingo, kama walivyofundishwa. Mishono miwili ya ubavuni, kingo nne. Ukiachia nusu inchi kwa kila ukingo, zinarudi mbili. Ngollo alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akasema neno la Kinyamwezi ambalo Parin alilielewa vizuri na ambalo halifai hapa.

Jumamosi walifika kabla ya muadhini kumaliza. Wengine walifumua, wengine walipiga pasi, wengine walirudishia. Parin alipewa wembe na kigoda. "Wewe ulianza kufumua jana," Ngollo alimwambia, "endelea hapohapo." Alifumua magauni tisa. Alijikata mara mbili, akapaza sauti, "Nimeumia!" na akaona jinsi vichwa vyote vilivyoinuka kisha vikainama, kwa kuwa aliyepaswa kujibu hakuwepo. Baada ya muda Ngollo, bila kugeuka kutoka kwenye cherehani, akasema, "Wapi tena?" Ilitosha.

Saa kumi jioni magauni ishirini na matatu yalifungika kwenye wenyewe, na wenyewe wakapumua. La ishirini na nne lilikuwa la Consolatha. Kamati ya maandalizi ya jubilei ilikuwa imekutana mara tisa tangu apimwe, na kila kikao kilikuwa na pilau. Walimaliza akiba yote. Mshono wake ulipita ukingoni kabisa mwa kitambaa, nyuzi tano kutoka mwisho wa dunia. Zipu ilipanda ikalalamika, ikafika.

"Inashika?" Consolatha aliuliza.

"Inashika," alisema Ngollo. "Usipige chafya."

Jumapili Parin aliketi benchi la nyuma kabisa kanisani na mpwawe pembeni yake. Kurban alikuja kushuhudia, kwa sababu mapatano ni mapatano, amevaa suruali yake bora ya rangi ya majivu. Kwaya iliingia ikicheza, ishirini na wanne, damu ya mzee mbele ya ukuta mweupe, na Parin akasikia mtu mbele yake akinong'ona, "Nani kawashonea hawa?" Alitamani kumjibu lakini macho yake hayakuweza kutoka kwenye ubavu wa kushoto wa Bi Consolatha.

Misa ilikwenda. Wimbo wa kwanza, mshono ukashika. Wa pili, ukashika. Baada ya komunyo ukaja wimbo wa jubilei, na kila mtu Cheyo alijua kuwa mwisho wa wimbo ule mwenyekiti hubaki peke yake na noti moja ya juu, ndefu, ambayo watoto hushindana kuzuia pumzi mpaka iishe. Waumini walikuwa wamepiga magoti. Kurban, akiona wote wamepiga magoti na asitake kuonekana mkaidi katika nyumba ya watu, akaanza kushuka naye.

Consolatha alivuta pumzi. Parin aliliona gauni likijaa kama shuka kwenye kamba upepo ukija. Aliiona ile mistari ya ubavuni ikinyooka. Noti ikapanda, ikasimama juu, ikatulia.

*Praaa.*

Kanisa zima lilisikia. Parin alifumba macho. Baraza, alifikiri. Baraza, Flavia, nimekufungia baraza.

Lakini noti haikukatika. Alifumbua jicho moja. Consolatha alikuwa bado pale juu, mikono imefunguliwa, ubavu wake mzima kama ukuta wa kanisa. Na kisha Parin akasikia, karibu kabisa na sikio lake, sauti ndogo ya mpwawe ikisema, "Shangazi. Usigeuke."

Suruali ya Dar es Salaam ilikuwa imefunguka toka mkanda hadi kusikotajika. Ngollo, aliyekuwa benchi la mbele yao, hakugeuza kichwa. Alivua kitenge chake cha juu, akakipitisha nyuma kwa mkono mmoja, na midomo yake ikaendelea na sala. Kurban alikipokea, akajifunga kiunoni, na kwa namna hiyo akasimama kwa baraka ya mwisho.

Jumatatu fundi alumini alifika saa tatu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia asije. Alitoa tepu yake ya chuma, akaivuta ikalia, akauliza aanzie wapi. Parin aliinuka kutoka kwenye kigoda. Kabla hajafungua mdomo Kurban alitoka ndani akiwa na mfuko wa plastiki mkononi.

"Samahani, fundi, tumekusumbua," alisema. "Hapa hapapimwi."

Akasubiri mpaka yule mtu ashuke ngazi, kisha akamsogelea Advera na kushusha sauti, ingawa wanawake kumi na wawili walikuwa wameacha kazi ili wamsikie vizuri. "Dada, ile ya jana haitengenezeki. Naomba mnishonee nyingine. Yenye akiba."

Advera alimzungushia tepu kiunoni. "Thelathini na nane."

"Thelathini na sita," alisema Kurban.

"Thelathini na nane, kaka."

Kurban alitazama kulia, akatazama kushoto. "Si mlikuwa mnatoa mbili?"

Cherehani ya kwanza iliyosikika baada ya hapo ilichelewa dakika tano nzima. Kurban mwenyewe alicheka, akiwa ameshikilia mfuko wake, na Advera akaandika thelathini na nane kwa maandishi makubwa ili asimwonee mtu.

Parin alikuwa amerudi kwenye kigoda chake. Mapajani mwake ilikuwapo tepu ya Flavia na kile kipande chekundu, na tangu asubuhi alikuwa akijaribu kukirudishia pale kilipokuwa, juu ya ukingo ulioungua. Uzi ulimchukua robo saa kuutunga. Sindano ilikwenda ilikotaka. Alipomaliza aliukata uzi kwa meno, kama alivyoona ikifanywa, akaumia ufizi, akainyanyua kazi yake mbele ya macho. Kilikuwa kimekaa upande, na mishono ilipandana kama barabara ya Nzega wakati wa masika. Aliitazama kwa muda mrefu akiwa amejawa na majivuno, yapata inchi mbili.

Ngollo alipita na pasi, akasimama, akainama.

"Hii umeshona wewe, Bi Parin?"

"Mimi."

Ngollo aliipitisha kucha juu ya mshono, taratibu, mwanzo hadi mwisho, kama anavyofanya kwa wanafunzi wote.

"Fumua," alisema.